Maziwa Yenye Ganzi

Katika ukoo wa mume wangu, mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuzaa huku nikisoma gazeti. Sijisifu. Naeleza tu, kwa sababu habari hiyo imesimuliwa Sengerema nzima kwa miaka mingi, na kila anayeisimulia huongeza chake. Wapo wanaosema nilikuwa nasoma na kucheka, wapo wanaosema nilivaa miwani ya jua. Miwani sikuvaa. Gazeti ni kweli lilikuwepo, lilikuwa la juzi yake, na nilikuwa nimefika kwenye matangazo ya biashara muuguzi aliponiambia njia imefunguka.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mtu Mwanza alipoamka asubuhi na kujikuta ni mfanyabiashara. Mume wangu alikuwa karani wa shirika la umma la pamba mpaka shirika lenyewe likakata roho. Akanunua pikapu iliyochoka kuliko yeye, akaanza kubeba sangara kutoka mialoni kwenda viwandani, barafu ikichuruzika njia nzima. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameacha kuzungumza kama watu. Alizungumza kama tangazo. Hata nyumbani kwetu Pasiansi, nikimwambia mboga imeungua, alinijibu kwamba ushindani utaleta ubora.

Nilipofikisha mimba miezi saba akaja na habari kwamba kuna hospitali mpya ya binafsi, juu kule kwenye mawe, yenye daktari aliyerudi kutoka ng'ambo na sindano ya mgongoni. Ukichomwa, unazaa bila kusikia kitu.

"Minofu ya samaki wetu inapanda ndege kwenda Ulaya," alisema, "sisi tunabaki na mapanki, vichwa na miiba. Safari hii na sisi tupate minofu."

Yaani uchungu wangu wa kuzaa ulikuwa biashara ya nje. Lakini sikumkatalia, na sababu yangu haikuwa bora kuliko yake.

Kwa akina mume wangu mwanamke halii wakati wa kuzaa. Hajikuni, hajipigi paja, haiti mama yake. Mkaguzi wa jambo hilo alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa marehemu baba mkwe, mama mmoja mrefu mwenye masikio yaliyoumbwa kwa kazi hiyo. Mwenye mimba akishikwa uchungu, shangazi anaketi mlangoni na kutega sikio, na akitoka pale habari zinavuka ziwa kabla kitovu cha mtoto hakijakauka. Mke wa shemeji yangu mmoja alipiga ukelele mmoja tu, mfupi, tena alikuwa anazaa mapacha. Mpaka wanawe wameanza shule bado alikuwa anaitwa yule wa filimbi.

Mimi nalia nikikanyaga mwiba. Nimezaliwa Kagera, nyumba ya mwalimu, katikati ya migomba, na tulifundishwa mambo mengi pale lakini kunyamaza hakukuwemo. Nilijua nitapiga kelele zitakazosikika Mkuyuni. Kwa hiyo nilitaka ile sindano kwa ajili ya masikio ya shangazi. Tukakubaliana mimi na mume wangu kwamba hatutasema neno.

Daktari mwenyewe alikuwa kijana msafi mno, mikono mifukoni, na hakutuita wagonjwa. Alituita wateja. Ukumbini kwake kulikuwa na televisheni, kitu ambacho wengi wetu tulikuwa bado tunakitazama tukiwa tumesimama, kwa heshima. Nilimuuliza kama sindano ina madhara kwangu au kwa mtoto.

"Sifuri," alisema, akatengeneza sifuri kwa vidole ili nisije nikaielewa vibaya.

Uchungu ulinishika asubuhi. Mama mkwe na shangazi walikuwa wameshavuka na kivuko kutoka Sengerema siku kadhaa kabla, wamejaa nyumbani kwangu na vikapu vyao, na walinisindikiza hospitali kwa pikapu, mimi mbele, wao nyuma na harufu ya samaki. Wakawekwa kwenye benchi nje ya chumba. Mama mkwe alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na tangu niolewe sikuwahi kumwona akimaliza saa moja bila kuzungumza. Nilimwogopa. Niseme ukweli, sikumpenda pia. Alikuwa na tabia ya kuinua vifuniko vya sufuria zangu na kuvirudisha bila kusema kitu, na kwake kutosema kitu ilikuwa ni tusi.

Ndani, daktari aliniketisha pembeni ya kitanda.

"Jikunje. Mgongo uwe kama wa paka aliyekasirika."

Jikunje mwenyewe, nilitaka kumwambia, na tumbo kama mtungi. Nilijikunja. Nilisikia spiriti ya baridi, kisha msumari, kisha kitu kama umeme mguuni, kisha akanibandika mpira mwembamba mgongoni kwa plasta. Baada ya muda akaanza kunifinya paja akiniuliza, "Unasikia? Unasikia?" mpaka nikamjibu sisikii.

Nisimdhulumu. Uchungu ule ulipoondoka nililia kwa shukrani. Mtu asiyewahi kushikwa kiuno namna ile asije akanihubiria kuhusu uvumilivu. Kama kuna siku nimeipenda sayansi kwa moyo wangu wote ni ile, na ningemkumbatia yule daktari kama miguu ingekuwa yangu.

Lakini sifuri yake ilianza kuzaa watoto. Kwanza dari likaanza kuondoka, kichefuchefu kikanipanda, na muuguzi akakimbia kufungulia dripu, presha imeshuka. Halafu nikatetemeka meno yakigongana, na jua la Mwanza linawaka nje. Halafu pua ikaniwasha kana kwamba nimeingizwa pilipili. Nikawekewa na mpira wa mkojo, kwa sababu kibofu nacho kilikuwa kimekwenda likizo.

"Daktari, si ulisema hakuna madhara?"

"Haya si madhara," alisema. "Haya ni mabadiliko."

Mabadiliko yakatulia, nikaomba kitu cha kusoma, wakaniletea gazeti. Na huko nje nikaanza kusikia sifa zangu. Shangazi alikuwa ametega sikio tangu asubuhi na hakuwa amepata hata mguno.

"Huyu wa migombani," alimwambia mama mkwe kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "huyu ni mwanamke. Hata sisi hatukuwa hivi."

Nilikunjua gazeti ukurasa wa pili nikasoma kuhusu ubinafsishaji nikiwa malkia.

Kusukuma ndiko kulikonishinda. Utasukuma vipi kitu usichokijua kiko wapi? Muuguzi aliweka mkono tumboni kwangu, akawa ananiambia, "Sasa," nami nakunja uso na kukaza shingo, uso wote unafanya kazi na huko chini hakuna habari. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, mpaka daktari akachoka, akamvuta mtoto kwa kikombe cha kunyonya hewa. Akatoka msichana, kichwa kimechongoka kama papai. Akalia kidogo, kama mtu anayepiga hodi nyumba ambayo hana haja nayo sana, akalala.

Tukahamishiwa chumba kingine, wazee wakaruhusiwa kuingia. Mama mkwe akampokea mtoto, akaketi naye kwenye kiti karibu na dirisha. Shangazi akanishika mkono mara mbili, heshima ambayo yule wa filimbi hakuipata hata kwa mapacha. Mume wangu aliingia, akamtazama mwanawe, akasema, "Ubora," akatoka mbio kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka kwenye pikapu. Samaki walikuwa wameshakufa lakini ndio waliokuwa na haraka kuliko wote.

Hapo ndipo daktari akaingia kukagua. Akafunua shuka, akanifinya paja mbele ya wakwe zangu.

"Unasikia?"

Nilimtolea macho anyamaze. Hakuelewa. Kule alikosoma hawafundishi macho ya mkamwana.

"Sisikii," nilisema kwa sauti ndogo.

"Bado. Dawa bado imo mwilini."

"Dawa gani?" aliuliza mama mkwe.

Akamweleza. Alieleza vizuri kabisa, kwa fahari, mpaka mchoro akachora hewani: uti wa mgongo, mpira, ganzi, mama hasikii chochote. Nilimtazama shangazi. Uso wake ulirudi nyuma taratibu kama kivuko kinachoondoka gatini, na mkono wangu ukaachiwa.

"Imo mwilini wapi?" mama mkwe aliendelea. "Mwili mzima?"

Daktari alitazama saa. "Kiasi chake, mama."

"Na maziwa yanatoka wapi, si mwilini?"

"Mama, hakuna tatizo," alisema daktari, akatoka. Alikuwa na mteja mwingine.

Angekaa dakika mbili zaidi angeweza kusema kwamba kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno, si cha kumtisha mtu. Mimi mwenyewe nilielezwa hivyo na muuguzi mwingine miaka mingi baadaye, nikizaa wa tatu, tena nikilia kama king'ora. Lakini siku ile yule bwana wa sifuri alikuwa ameshatoka, na mama mkwe alikuwa amemkunjua mtoto, anamtazama. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Alimtekenya nyayo, akajikunja kidogo, akaendelea kulala.

"Huyu amelewa," alisema shangazi.

"Amelewa," alisema mama mkwe. "Na akiongezewa nyingine kwenye maziwa?"

Wakatazamana. Hukumu ikatoka palepale, bila rufaa: maziwa yangu yamekufa ganzi, na mtoto hatanyonya mpaka miguu yangu iamke. Kipimo walikuwa nacho, wamekiona kwa macho yao kikitumiwa na daktari msomi. Nikisikia nikifinywa, dawa imetoka. Nisiposikia, dawa imo, na iliyomo pajani imo na kifuani.

Nilicheka. Lilikuwa kosa, maana shangazi alisema na kucheka nako ni dawa.

Muuguzi alipopita nilimwita. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya mama ananyonyesha na maneno kwamba maziwa ya mama ni bora. Nikamwonyesha. Alikubali kwamba picha inasema kweli. Aliwaambia wazee wasimpe mtoto kitu kingine chochote, wakamwitikia vizuri. Lakini alipomnyooshea mama mkwe mikono ili amchukue mtoto na kuniletea, mama mkwe alimtazama tu, na yule dada akakumbuka kwamba ndugu wa mteja nao ni wateja. Alisema atarudi.

Kwa hiyo mwanangu alikuwa hatua chache kutoka kwangu na sikuweza kumfuata. Nilijaribu. Niliinuka kwa viwiko, nikaiamuru miguu ishuke, na miguu ikalala pale kama magunia mawili ya mihogo ya mtu mwingine. Sijawahi kujiona mjinga kiasi kile. Nilikuwa nimenunua kutosikia, na nilikuwa nimepewa mzigo wangu wote.

Mama mkwe alikuja kupima. Aliifunika miguu yangu kwa shuka ili nisione, akaingiza mkono chini yake, akanitazama usoni.

"Unasikia?"

"Sisikii."

Akarudi kwenye kiti. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Kisha mtoto akaamka, na aliyekuwa amelewa akalia kilio cha mtu mwenye akili timamu, mdomo umegeukia kitambaa, unatafuta. Kifua changu kikaniuma, huku juu ambako sindano haikufika. Nikaamua kudanganya. Mama mkwe alipoingiza mkono chini ya shuka mara ya tatu, nilikunja uso na kupiga ukelele mkubwa, ule wote niliokuwa nimeuweka akiba tangu asubuhi.

Akautoa mkono, akaniangalia.

"Sijakugusa bado."

Shangazi aligeukia dirishani na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Mimi nilijifunika uso. Ukelele wangu ulikuwa umetoka, shangazi ameusikia, na sikuwa nimepata chochote kwa huo. Mtoto aliendelea kulia, halafu kilio kikaanza kupungua, kinakatika, kinapungua, na hapo nikaacha kuona kichekesho. Niliogopa. Nilimwogopea mwanangu kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kumwogopea mtu.

"Mama," nilisema, "nakuomba. Ana njaa. Mlete tu."

"Akilala na hayo maziwa asiamke, nitamwambia nini baba yake?"

"Nitamwambia mimi."

"Wewe hujui kusema maneno hayo," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayenieleza njia.

Alisimama katikati ya chumba na mtoto mikononi, akimtazama, akinitazama. Kisha akampa shangazi mtoto, akaenda kwenye beseni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Akaja kitandani, akafungua vifungo vya gauni langu bila kuniomba ruhusa, akaniminya titi kwa vidole, akakamua. Yakatoka yale ya kwanza, mazito, ya manjano, tone moja. Akalichukua kwa kidole.

"Wifi, usimeze!" alisema shangazi.

"Mimi nimekula chumvi ya kutosha," alisema mama mkwe. "Kama ni ganzi, ianze na mimi." Akalitia ulimini, akameza.

Tukasubiri. Nimeona mambo mengi Mwanza, nimeona mabenki yakifunguliwa na mashirika yakizikwa, lakini sijaona tena watu watatu wakisubiri ulimi ufe. Alikaa pembeni ya kitanda, mdomo umefungwa, anapitisha ulimi kwenye fizi kama anayeonja mchuzi. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe alikuwa amenyamaza bila kumtukana mtu, na mimi, Mungu anisamehe, sehemu ndogo ya moyo wangu ilikuwa inaiombea ile ganzi ikolee.

"Sema kitu," shangazi alimwambia. "Tusikie kama unatamka."

Mama mkwe akaanza kutaja majina ya watoto wake, kutoka kifungua mimba. Akamtaja wa kwanza, mwenye duka. Akamtaja wa pili, shemeji yangu, mume wa yule wa filimbi. Baada yake nilitegemea amtaje mume wangu, maana siku zote nilikuwa nimeambiwa yeye ndiye wa tatu. Akataja jina jingine, la kike, ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile. Alilitaja taratibu, akilikagua kila herufi, halafu akalirudia. Shangazi aliinamisha kichwa. Ndipo akamtaja mume wangu, na waliomfuata, hadi kitinda mimba.

"Ulimi upo," alisema.

"Mama," niliuliza, "huyo wa tatu ni nani?"

Alikuwa ameshasimama kumchukua mtoto. "Huyo alilala tu," alisema. "Walimpa kidawa cha kikohozi, akalala. Nikimwekea titi, analala. Mimi nikasema, nimwache apumzike."

Alimleta mwanangu, akamlaza kifuani kwangu, akamshika kidevu kwa kidole kilekile, akakifungua kinywa na kukijaza. Mtoto aliteleza, akateleza tena, amechoka. Mama mkwe hakumwachia. Alimpuliza usoni, akamtekenya shavu, akamwambia kwa Kisukuma maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyekubali kunitafsiria, na kila macho ya mtoto yalipotaka kufumba alimwamsha. Hatimaye akashika. Alinyonya kwa nguvu hadi nikauma mdomo.

Sindano iliendelea kunidai baada ya hapo. Wiki nzima nilikuwa nikiinua kichwa kinapasuka, nikilala kinatulia, nami nikamtumia salamu yule bwana wa sifuri kupitia kwa mume wangu, salamu ambazo mume wangu alikataa kuzifikisha. Mgongo nao ukiniuma hadi leo, shangazi anasema ni ile sindano, mimi nasema ni ndoo za maji za miaka ile bomba lilipokauka, na hakuna atakayetuamua. Sifa za ushujaa nilinyang'anywa zote. Yule wa filimbi akapata mwenzake.

Mama mkwe alikaa nami Pasiansi mpaka mtoto alipokuwa anajua kucheka. Aliendelea kuinua vifuniko vya sufuria zangu. Lakini kila mtoto alipolala mchana, aliweka kiti karibu yake, akaketi na mkono kifuani pa mtoto, na hakuwa anazungumza. Nilikuwa nimepanga kumchukia yule mama maisha yangu yote, na nilikuwa na sababu nzuri. Alinifanya nishindwe kumchukia siku ya kwanza tu, na hilo sijamsamehe.